Zao Lisilovunwa: Uhakiki wa Istilahi za Mimea ya Kufunika Udongo

Istilahi za kilimo zina bahati na mkosi kwa pamoja. Bahati yake ni kwamba wasemaji wengi wa Kiswahili ni wakulima, au ni watoto wa wakulima, kwa hiyo neno likitungwa leo laweza kupimwa kesho shambani. Mkosi wake ni huohuo. Istilahi mbaya ya falsafa hukaa kimya kitabuni pasipo kumdhuru mtu. Istilahi mbaya ya kilimo hutoka na jembe, ikalimwa, na hasara yake ikaonekana msimu unaofuata.

Makala haya yanahakiki kundi dogo la istilahi ambazo kwa miaka zaidi ya ishirini sasa zimekuwa zikitumika katika vijitabu vya ugani, mihadhara ya mabwana na mabibi shamba, na taarifa za wilaya. Zinahusu njia ya kurutubisha udongo kwa kupanda mimea ambayo haikusudiwi hasa kuvunwa, bali kuukinga na kuulisha udongo wenyewe. Na zaidi ya hapo, njia ya kupanda mimea hiyo ya aina kadhaa kwa pamoja. Istilahi zenyewe ni mazao funika, mbolea ya kijani, kilimo mchanganyiko, kilimo mseto na kilimo hifadhi, pamoja na kitenzi kimoja cha ajabu, kurekebisha naitrojeni. Hatukusudii kuwacheka waliozitunga. Aghalabu walikuwa watafsiri waliopewa kazi Ijumaa ili waikabidhi Jumatatu. Swali letu ni moja: mkulima akilisikia neno hili pasipo maelezo yoyote, atafanya nini?

Kabla ya kuhukumu jina, yafaa tulitazame lile linaloitwa. Udongo ulioachwa wazi hupigwa na matone ya mvua hadi tabaka lake la juu huziba. Maji yakashindwa kuingia, yakatiririka na kuchukua chembe zilizo bora. Jua nalo huuchoma na kukausha viumbe hai vilivyomo. Ndipo mkulima anaposhauriwa kupanda, kati ya mistari ya mahindi au baada ya mahindi kuvunwa, mimea itakayoushika uso wa shamba: kunde, marejea, mukuna, kanavalia, au fiwi, ambayo kaskazini mwa Tanzania huitwa ngwara na katika Kenya ya kati njahi. Mimea hii ni ya jamii ya kunde, na mizizini mwake mna vinundu vyenye bakteria. Tangu mwaka 1886, Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walipotoa matokeo ya majaribio yao, tumejua kwamba kwa njia ya vinundu hivyo mimea hiyo hujipatia naitrojeni iliyomo hewani.

Lakini kunde peke yake ina upungufu. Majani yake mateke huoza upesi mno. Baada ya majuma machache ya mvua udongo u wazi tena. Nafaka na nyasi ni kinyume chake. Mabua ya mahindi yana kaboni takriban mara 60 ya naitrojeni yake, ilhali mimea michanga ya jamii ya kunde huwa na kaboni isiyozidi mara 20 hivi. Vijidudu vinavyoozesha majani huridhika na uwiano wa karibu 25 kwa 1. Vikilishwa mabua matupu huchukua naitrojeni ya udongo ili vipate kula, na mahindi yaliyopandwa hapo hugeuka manjano kwa njaa. Kwa hiyo penye mtama au ulezi uliochanganywa na kunde, nafaka huweka blanketi linalodumu, kunde hutia chakula, na mizizi ya namna mbili hupasua udongo katika vina viwili. Si kwamba mseto wa mimea kumi daima hutoa majani mengi kuliko mmea mmoja uliochaguliwa vizuri. Wako wanaoahidi hivyo, na ahadi hiyo si ya kweli. Faida yake ni kufanya kazi mbili tatu kwa wakati mmoja, na kutomwacha mkulima mikono mitupu iwapo aina moja imeliwa na wadudu. Maelezo haya tumeyaweka mbele kwa sababu kila istilahi tutakayoitaja imepotoka mahali fulani ndani yake.

Tuanze na mazao funika. Katika kikao kimoja cha kusomea rasimu ya kijitabu, katika wilaya moja ya kaskazini, wakulima walialikwa wasikilize na kutoa maoni. Bwana shamba, kijana, alisoma kwa ufasaha. Alipomaliza, mzee mmoja akanyosha mkono.

“Bwana shamba, zao hili soko lake liko wapi?”

“Shikamoo mzee wangu. Hili halina soko, kwani halivunwi. Linaachwa shambani.”

“Marahaba. Basi mwanangu, usiliite zao.”

Watu walicheka, lakini mzee alikuwa ametoa somo la isimu. Zao linatokana na zaa. Ni kile ambacho shamba, mti au mfugo umekizaa na mwanadamu akakichukua. Tunasema mazao ya misitu, mazao ya bahari, mazao ya mifugo. Kote humo lipo wazo la kitu kinachotoka na kwenda kwa mtu. Kiingereza kina neno moja kwa mmea uliopandwa shambani na kwa kile kilichovunwa kwake, na kwa hiyo kinaweza kuutumia mmea wa kufunika udongo pasipo ukinzani. Kiswahili kimetenganisha mmea na zao. Mtafsiri aliyeweka zao mahali pa mmea hakutafsiri dhana. Amelipachika tu neno la kwanza la kamusi.

Ubaya wake hauishii shambani. Fikirini fomu ya taarifa ya kilimo: jina la zao, eneo lililopandwa, mavuno kwa tani. Ofisa anayejaza kwa uaminifu ataandika, mbele ya zao hili, sifuri. Huko makao makuu, mtu asiyeijua habari ataisoma sifuri ile kama msiba: zao limeharibika, je, kijiji kinahitaji chakula? Ama ofisa mwerevu zaidi ataliacha lisiandikwe, na hekta zile zitaonekana zimelala bila kazi. Na neno zao likishaingia katika karatasi za serikali huita ndugu zake: ushuru wa mazao, vibali vya kusafirisha mazao, bodi ya zao. Mtumishi wa serikali hana budi kuwa na jina linaloiweka mimea hii katika safu nyingine kabisa, pamoja na mbolea na matuta. Yaani katika matunzo ya udongo, si katika mavuno.

Hapa lakini haki inatudai tukiri jambo. Mkulima wa Arumeru au Karatu anayepanda ngwara kati ya mahindi huila, na akipata ziada huiuza, kwa kuwa njahi ina wanunuzi wengi Kenya. Kwake ngwara ni zao halali. Mwandishi aliposhauriwa na rafiki mmoja kwamba mkulima mdogo hawezi kupanda kitu asichokula, hakuwa na jibu la haraka. Naitrojeni nyingi ya mmea wa jamii ya kunde huhamia katika mbegu wakati mmea unapokomaa. Kadiri mbegu zinavyobebwa kwenda nyumbani au sokoni, ndivyo kinachobaki kwa udongo kinavyopungua. Mkulima ana haki ya kuchagua apate chakula kiasi gani na ampe udongo kiasi gani, ila achague akijua. Neno zao humficha uchaguzi huo, maana linamwambia tangu mwanzo kwamba vyote ni vyake.

Nusu ya pili ya istilahi ni mbaya zaidi, kwa sababu za sarufi. Kiswahili huweza kuunda nomino kwa kitenzi kilichofuatwa na kitendwa chake: kifunguakinywa, kipimajoto, kinyonga? la, hilo la mwisho ni la mzaha. Lakini nomino iliyofuatwa na shina tupu la kitenzi, kama mazao funika, haina mizizi katika matumizi ya kawaida. Msikilizaji hulisikia shina lile kama amri. Mazao, funika! Na wapo waliotii: wakakata nyasi, wakafunika mahindi machanga. Wengine wamejaribu kulirekebisha kwa kusema mimea funikizi, kwa mfano wa saidizi, elekezi na pokezi. Kwa sarufi hilo ni afadhali, na kama tusingekuwa na neno jingine tungelipokea. Hata hivyo kufunika ni kazi ya kifuniko na ya kawa. Kinachofunikwa hutengwa na nje. Kifuniko huinuliwa wakati wa kula. Udongo unaotakiwa hapa si wa kutengwa. Maji yapenye, hewa ipite, mchwa na minyoo wapande na kushuka.

Neno tunalolihitaji limo midomoni mwa wakulima wa kahawa na migomba tangu zamani, nalo ni matandazo. Huko Kilimanjaro na Kagera hakuna mtu anayehitaji kuelezwa kwamba matandazo hayachomwi, hayauzwi, na kwamba ng'ombe akiyala mwenye shamba atalalamika. Lile lote ambalo mazao funika limeshindwa kulisema, matandazo hulisema bila kuongezewa neno. Na uzuri wake unazidi ukilitazama kwa ndani. Shina lake ni tandaa. Mmea hai hutandaa wenyewe juu ya udongo, ukishalazwa, umetandazwa. Hatua zote mbili za maisha ya mmea huu, uhai wake na mauti yake, zimo katika shina moja. Kwa hiyo tunapendekeza mimea ya matandazo.

Tunajua pingamizi litakalokuja. Wako wanaopanda majani ya gwatemala kandokando ya shamba ili wayakate na kuyapeleka kwenye migomba. Je, hayo nayo si mimea ya matandazo? Ni kweli, na hapo neno letu lina utata. Anayetaka kuwa bayana na aseme matandazo ya kuoteshwa palepale. Ni refu, lakini tumeona istilahi ndefu zikiishi, na utata huu hauna hatari: mkulima akikosea, atakuwa amekata majani na kuyatandaza, jambo ambalo halimdhuru mtu.

Sasa mbolea ya kijani. Katika lugha kadhaa za Ulaya jina la jambo hili limejengwa kwa neno la rangi, na sisi tumelifuata. Lakini mkulima wetu ameizoea mbolea inayotofautishwa kwa asili na kwa kazi, siyo kwa rangi: samadi hutoka zizini, mboji na mbolea vunde hutokana na kuoza, mbolea ya chumvichumvi hutoka kiwandani, mbolea ya kupandia hutiwa wakati wa kupanda, mbolea ya kukuzia hutiwa mimea ikiwa imesimama. Mbele ya mfumo huo ulio imara anakuja mtu na mbolea ya kijani. Duka la pembejeo lina mifuko ya rangi nyingi, na swali la kwanza la msikilizaji ni kama mbolea hiyo inauzwa kwa kilo 50 au 25. Wengine wamesema mbolea ya majani, wakagongana na ile dawa ya maji inayonyunyiziwa majani. Kuna aliyependekeza mbolea ya kupanda, pasipo kukumbuka kwamba mbolea ya kupandia ipo, na kwamba tofauti ya silabi moja haitoshi kumlinda mtu anayesikiliza redio huku mtoto analia.

Sisi twaona kwamba tatizo limezaliwa na kutotofautisha vitu viwili. Kuna mmea unaokatwa ungali mbichi ukachimbiwa ardhini, na kuna mmea unaoachwa juu ya uso wa udongo. Wa kwanza huoza upesi na kulisha mara moja, lakini udongo hubaki wazi. Wa pili hulisha polepole, na huku unakinga. Wa kwanza na uitwe mbolea ya kufukia. Kufukia ni neno linalojulikana, na lina amri sahihi ndani yake. Wa pili tumekwisha kuupa jina.

Tunafika sasa mahali penye mchafuko mkubwa, yaani mchanganyiko na mseto. Katika vijitabu tulivyovipitia, kilimo mchanganyiko humaanisha mara mahindi na maharage katika shamba moja, mara kilimo pamoja na ufugaji. Kilimo mseto nacho humaanisha hayo yote mawili, na juu ya hayo humaanisha miti na mazao katika shamba moja, maana ambayo imeenea sana miongoni mwa mashirika ya upandaji miti Kenya na Kagera. Sasa akitokea mtu wa kueleza mbegu za aina tano za mimea ya matandazo zilizopandwa pamoja, na akasema mchanganyiko wa mazao funika, msikilizaji ana njia tatu za kumwelewa. Anaweza kudhani achanganye mimea hiyo na mahindi. Anaweza kudhani apande aina moja huku na nyingine kule. Anaweza, kwa bahati, kudhani linalokusudiwa.

Mchanganyiko ni neno lisilo na nia. Mchanga na mchele ukichanganyika ni mchanganyiko, na ni hasara. Mseto una nia. Nyumbani mseto ni mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja: nafaka moja na kunde moja, zilizochaguliwa kwa kuwa moja humkamilisha mwenzake. Hapa lugha imetutangulia kwa namna ya kustaajabisha. Mpishi wa pwani aliyeupa mseto jina lake alikwisha kutaja kanuni ileile ambayo wataalamu wa udongo huieleza kwa uwiano wa kaboni na naitrojeni. Na maana hii haijafa. Tanzania ilipoanza kutumia dawa mpya ya malaria yenye viambato viwili mwishoni mwa mwaka 2006, watu waliiita dawa mseto na hakuna aliyeuliza maana yake. Kenya ilipokuwa na serikali ya mseto kuanzia mwaka 2008, maana ilikuwa bayana hata kwa waliokuwa hawaipendi: pande tofauti, chungu kimoja, kazi moja.

Kwa hiyo mseto na uachiwe kazi hiyo: aina mbili au zaidi zilizochaguliwa makusudi zisaidiane kwa kazi moja. Mseto wa matandazo ni mtama na kunde, au ulezi, marejea na figili, vilivyopandwa pamoja kwa ajili ya udongo. Mahindi na maharage, ambayo kila moja huvunwa kwa wakati wake na kuliwa kwa sufuria yake, ni mazao ya kuchanganya. Miti na mazao ni kilimo misitu, istilahi iliyokwisha kutumika Tanzania na isiyo na kosa. Tunajua kwamba mashirika yaliyochapa mabango ya kilimo mseto yenye picha za miti hayatayang'oa kwa sababu ya makala haya. Lakini kitabu kipya cha shule au tafsiri mpya ya sera haina sababu ya kuendeleza mchafuko.

Kuhusu kurekebisha naitrojeni maneno machache yatosha. Kitenzi cha Kiingereza kinachotumika hapo kina maana ya kutengeneza kilichoharibika, na pia maana ya kukaza kitu mahali pake. Mtafsiri amechukua ya kwanza. Naitrojeni ya hewani, ambayo ni kama asilimia 78 ya hewa yote, haijaharibika hata irekebishwe. Wengine husema kutengeneza naitrojeni, nalo si kweli, kwa kuwa bakteria hawaiumbi. Kunasa naitrojeni ndiyo kauli sahihi: iko hewani kama ndege, mmea na bakteria wake wameweka ulimbo. Na yule anayeambiwa kwamba kunde hunasa ataelewa upesi kwa nini mbegu ngeni huhitaji bakteria wake maalumu. Pasipo ulimbo, mti hauna ndege.

Majina ya mimea yenyewe nayo yana kesi yake. Mukuna ni jamaa wa upupu, na vitabu vya botania huiweka mimea yote miwili katika spishi moja. Mtafsiri mwaminifu wa kamusi ataandika upupu, kisha atashangaa kwa nini hakuna mtu aliyekuja kuchukua mbegu. Aina inayolimwa haina vile vinyweleo viwashavyo, lakini jina limekwisha kuwasha kabla mbegu haijaonekana. Hapa tunaafiki kwa moyo mweupe neno la kukopa, mukuna, ingawa kwa kawaida hatuyapendelei, maana neno la asili lina kumbukumbu ambayo hakuna maelezo yanayoweza kuifuta. Wakulima wa pwani ya kaskazini ya Honduras walipoupokea mmea huohuo waliuita, kwa Kihispania chao, maharage mbolea, na jina hilo lilifanya kazi ya bwana shamba kumi. Tena lilikuwa na hila ndogo, kwa kuwa mbegu za mukuna zina sumu na haziliwi pasipo kuandaliwa kwa uangalifu; neno mbolea liliwatahadharisha.

Linganisheni na marejea. Mmea huu ulienezwa mkoani Ruvuma katika miaka ya 1980, hasa kutoka misheni ya Peramiho, kama dawa ya mashamba yaliyochoka. Sikio la Mswahili husikia ndani ya jina hilo kitenzi rejea: rutuba iliyoondoka imerudi. Hatujui istilahi nyingi za kitaalamu zenye ahadi nzuri hivyo ndani ya silabi nne. Tena rutuba yenyewe, katika Kiarabu tulikoikopa, maana yake ni unyevu. Anayepanda marejea ili kurudisha rutuba anarudisha zote mbili, iwe anajua au hajui.

Mkoa huohuo unatupa somo jingine. Kanuni ya kuunda istilahi inayofahamika kwa wasomaji wa jarida hili ni kwamba tutazame kwanza Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo twende ng'ambo. Katika eneo hili la kilimo kanuni hiyo imenukuliwa zaidi kuliko ilivyofuatwa. Wamatengo wa Mbinga hukata nyasi, wakazilaza kwa mistari inayokingamana hadi shamba zima huwa miraba. Kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi zile, shimo likabaki kushika maji. Huliita shamba la namna hiyo ngoro. Juu ya kingo hupanda maharage, na baadaye mahindi. Wafipa nao hufukia nyasi ndani ya matuta ya duara wanayoyaita intumba. Hawa ni watu waliokuwa wakilisha udongo wa miteremko kwa majani kabla kijitabu cha kwanza hakijatafsiriwa. Ngoro limekwisha kuingia katika maandishi ya Kiswahili. Lakini vitenzi vyao vya kulaza, kukinganisha na kufukia nyasi, vyenye tofauti ambazo sisi tunazipapasia kwa vishazi virefu, vingali vinangoja mtu wa kwenda kuviandika.

Imebaki kilimo hifadhi, jina la mfumo mzima: kutouchimbachimba udongo, kuacha angalau asilimia 30 ya uso wake imefunikwa, na kubadilisha au kuchanganya aina za mimea. Kwa sarufi tungeweza kulisamehe. Kwa historia hatuwezi. Katika masikio ya watu wa vijijini Tanzania, hifadhi si kitendo cha kutunza. Ni mahali penye mpaka na askari. Ni mbuga ya wanyama, ni msitu wenye alama za rangi nyekundu. Wilayani Kondoa, mradi ulioanza mwaka 1973 kwa jina la Hifadhi Ardhi Dodoma ulifuatiwa, mwaka 1979, na kuondolewa kwa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka. Yawezekana kabisa kwamba ardhi ilipona. Wengi walioiona husema ilipona. Lakini mtu ambaye baba yake aliswaga ng'ombe kuwatoa nje ya hifadhi hawezi kuambiwa kwamba shamba lake sasa litakuwa la kilimo hifadhi naye asiulize mpaka utapita wapi. Tusisahau kwamba mwaka 1955 Waluguru walifanya ghasia juu ya kulazimishwa kuchimba matuta, na kwa muda mrefu baadaye neno matuta lilikuwa chungu milimani kule. Kilimo cha kutunza udongo husema jambo lilelile pasipo kuweka uzio.

Mwisho ni kitenzi, na hiki ndicho kilichotufanya tushike kalamu. Mimea ya matandazo lazima iuawe kabla ya mahindi kupandwa, na wakati wake ni finyu. Ikiachwa hadi ikaushe mbegu, itaota yenyewe na kuwa magugu, na naitrojeni yake itakuwa imekwenda mbeguni. Ikikatwa mapema mno, majani ni machache na huoza upesi. Kijitabu tulichokuwa nacho mezani kilisema: sitisha mazao funika yanapofikia ukomavu. Kila neno katika sentensi hiyo ni la Kiswahili, na sentensi yenyewe si Kiswahili. Kusitisha ni kwa mikutano, mishahara na safari za treni. Ukomavu, kwa mkulima, ni wakati wa kuvuna, nao ni wakati hasa ambao ameshachelewa. Tulipomuuliza mzee yule wa kikaoni yeye angesemaje, alifikiri kidogo, akaonyesha kwa kiganja namna majani yanavyosukumwa chini. “Yalazeni yakichanua,” alisema. Tuliandika hivyo, na bwana shamba akaongeza kwa kalamu yake mwenyewe: kabla hayajafunga mbegu.